Kabla Mwisho Haujajulikana

Mtoto wa darasa la nne akimwuliza bibi yake, "Bibi, wewe ulimwona Mjerumani?", watu wazima waliokaa karibu hucheka. Wao hesabu wanaijua: Mjerumani alishindwa na kuondoka katika nchi hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na bibi huyu amezaliwa Mwingereza naye akiwa karibu kufungasha virago. Lakini swali lenyewe si la kijinga. Kwa mtoto, zamani ni chumba kimoja kikubwa kisicho na kuta za ndani. Humo wamo bibi akiwa msichana, Mkwawa na bunduki yake, mitume wakiwa safarini, mijusi mikubwa ya Tendaguru, na siku ile nguzo za umeme zilipofika kijijini. Wote walikuwapo zamani. Kwa nini basi wasiwe wamepishana njiani?

Mwalimu anapoandika "1905" ubaoni, anajenga ukuta wa kwanza ndani ya chumba hicho. Mtoto aliye mbele yake ana miaka tisa, na katika hiyo anaikumbuka mitano hivi. Sasa anaombwa abebe zaidi ya miaka mia moja ya watu asiowajua, wengi wao wakiwa na majina magumu na vifo vya kutisha. Anaombwa kwa ajili gani? Majibu yapo mengi na huja upesi. Kila ninapoligeuza moja naona lina upande wa kweli na upande unaojificha, kwa hiyo nakuomba, msomaji, tuyapitie polepole.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya. Yaliyopita ni yote yaliyotokea, yawe yamejulikana au hayakujulikana na mtu yeyote: mama aliyekufa kwa njaa ya vita vya Majimaji huko Umatumbi bila shahidi ni sehemu ya yaliyopita sawasawa na gavana aliyeweka sahihi. Kumbukumbu ni kile kipande cha yaliyopita ambacho watu wamekishika kwa kuwa ni chao. Hairithishwi kwa ushahidi bali kwa imani na mapenzi, ndiyo maana kuikana ni kama kuwakana waliotuachia. Historia, nayo, ni kumbukumbu iliyokubali kuulizwa maswali. Haiachi kupenda, ila inamruhusu mtu asimame na kusema: umejuaje? Nani mwingine alikuwapo? Yule mwingine anasemaje?

Kwa maana hiyo, kumfundisha mtoto historia ni kumwingiza mahali ambapo hata neno la mkubwa linaulizwa. Katika malezi yetu jambo hili si dogo. Tumemfundisha kuamkia, kusikiliza, kutomkatiza mzee. Je, tunambomoa kwa mkono wa kushoto tuliyemjenga kwa mkono wa kulia? Sidhani. Kuna kuuliza kwa kumuumbua mtu, na kuna kuuliza kwa kutaka kumfikia. Anayemwuliza babu yake, "Babu, ulikuwa unaogopa?" anamheshimu kuliko anayeitikia kila sentensi bila kusikia hata moja. Heshima ni kukubali kwamba mtu mwingine ana uzito wake, usiotegemea manufaa yangu. Ukiichukua hivyo, swali la kweli ni namna mojawapo ya kuamkia.

Sasa majibu. La kwanza ni la uzalendo: tunafundisha historia ili mtoto aipende nchi yake. Mtu asilibeze. Waliosoma enzi za ukoloni, na wengi waliosoma miaka kadhaa baadaye, wanalikumbuka swali la mtihani: nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Jibu lililopata alama lilikuwa Johannes Rebmann, mwaka 1848. Mtoto wa Kichaga aliyeuona mlima huo kila asubuhi akienda kuteka maji alijifunza kwa swali hilo moja kwamba kuona kwake, na kwa baba yake, na kwa babu wa babu yake, hakukuhesabiwa kuwa ni kuona. Jeraha la namna hiyo haliponi kwa kusahauliwa, na Uhuru ulipokuja ilikuwa haki wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waandike upya, wakimweka Mwafrika katika historia yake kama mtendaji. Kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu, kilichotoka mwaka 1969, kilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Tunaoandika leo bado tunakula matunda yake.

Lakini uzalendo ni nini? Nikiuelewa vyema, ni hali ya mtu kuona kwamba mema na mabaya ya nchi yake yanamhusu, hata yale ambayo hakuyatenda yeye. Tukiufupisha ukawa ni kujivunia tu, mtoto anapewa mashujaa waliokwisha kamilika: Mkwawa wa kwenye picha, Kinjekitile wa kwenye mchoro, Bibi Titi wa kwenye jukwaa, kila mmoja na mwaka wake chini. Picha ya shujaa haina shaka wala usingizi mbaya usiku. Mtoto anaweza kuisalimu, lakini hawezi kujifunza kwayo namna ya kuishi, kwa sababu yeye ana shaka na ana usiku mbaya.

Jibu la pili ni la maadili. Mtaala wa Tanzania wa mwaka 2023 umeyaunganisha mawili haya katika jina la somo lenyewe la shule ya msingi: Historia ya Tanzania na Maadili. Ninaielewa nia hiyo na ninaiheshimu. Maadili ni uwezo wa kupambanua jema na baya na kuubeba uamuzi huo katika matendo, na mzazi gani asingependa mtoto wake ajifunze ujasiri kwa mashujaa na ubaya wa usaliti kwa wasaliti?

Shida inaanzia hapa. Tuna fasihi nzima iliyotungwa kwa kazi hiyo. Sungura na fisi wameumbwa ili wafundishe. Funzo lilikuwapo kabla yao, wao wakavalishwa ngozi wakalileta. Wafu hawakuumbwa hivyo. Mtu wa Nandete, Umatumbi, aliyeng'oa mche wa pamba mwezi Julai 1905 hakuung'oa ili mtoto wa leo ajifunze ushujaa. Aliung'oa kwa kuwa alilazimishwa kuupanda, kwa kuwa shamba lake la chakula liliachwa likiota magugu, kwa kuwa kiboko kilikuwa kimemchosha. Alikuwa na sababu zake. Tukimgeuza kuwa mfano tu, tunamfanyia kitu kinachofanana kidogo na kile alichokikataa: tunamtumikisha. Naona hapo maadili yanajipinga yenyewe, kwani sharti la kwanza la kumtendea mtu haki ni kumwona kuwa ni mtu, na marehemu hajaacha kuwa mtu kwa kuwa hawezi kutujibu.

Basi tuliache kwa sasa swali la historia inamfaa nini mtoto, tuulize jingine: wafu wanatudai nini? Nadhani wanatudai jambo moja ambalo ni gumu kuliko sifa. Wanatudai tukumbuke kwamba hawakuujua mwisho.

Chukua somo la vita vya Majimaji, ambalo kila mtoto wa Tanzania hulipitia. Mwalimu anaeleza kwamba Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za nafaka, akawaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Darasa linacheka. Ni kicheko kilekile cha watu wazima mbele ya mtoto aliyemwuliza bibi yake habari za Mjerumani: kicheko cha anayejua hesabu mbele ya asiyeijua. Watoto wameshaambiwa kwamba risasi hazikugeuka. Wamesimama mwisho wa njia na kuwatazama waliokuwa mwanzo wake, na kutoka mwisho kila mtu wa mwanzo huonekana mjinga.

Hapo ndipo mwalimu ana uchaguzi, na naamini ndipo somo zima la historia linaposimama au kuanguka. Anaweza kukiacha kicheko kipite na kuendelea na tarehe. Anaweza kukikemea kwa jina la uzalendo, na watoto wakajifunza kutocheka bila kujifunza lolote. Au anaweza kuwachukua kwa mkono awarudishe nyuma, hadi kabla mwisho haujajulikana. Wewe ni Mmatumbi. Ni mwaka 1905. Unatakiwa kulima pamba ambayo huwezi kuila. Kuna kodi, na ukishindwa kuilipa kuna kazi ya lazima. Jirani yako upande wa pili wa bonde ni wa kabila ambalo baba yako alipigana nalo, na peke yenu hamwezi lolote. Sasa amekuja mtu asemaye kwamba kuna kitu kimoja ambacho ninyi na jirani yenu na jirani wa jirani mnaweza kukinywa pamoja. Utafanyaje?

Tarehe nazo hapo zinaanza kusema, wakati mwanzoni zilikuwa mzigo tu. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya pamba ya Nandete kung'olewa. Mwisho wa mwezi huohuo maelfu walilishambulia boma la Mahenge na wengi wakauawa kwa bombomu. Kama vita hivi vingekuwa vya watu waliodanganywa na maji, vingekwisha hapo, kwani mganga alikuwa amekufa na dawa ilikuwa imeonekana kushindwa mchana kweupe. Lakini viliendelea hadi 1907. Kwa hiyo watu wale walikuwa wanapigania nini baada ya Agosti? Mtoto anayelifikia swali hili hacheki tena. Ameona kwamba neno "ujinga" halielezi kitu, kwamba nyuma ya maji kulikuwa na jambo ambalo risasi hazikulimaliza, na amelifikia kwa kulinganisha tarehe mbili tu.

Nitakiita kitu alichokipata uadilifu kwa waliotangulia: uwezo wa kumhukumu mtu kwa kile alichoweza kukijua siku ile, badala ya kile tunachokijua sisi leo. Simaanishi kuwasamehe wote. Gustav Adolf von Götzen, gavana ambaye chini yake mashamba na maghala ya chakula viliteketezwa ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza, alijua njaa ni nini. Kumrudisha yeye naye kwenye siku yake hakumtakasi. Kunaonyesha tu kwamba ubaya ulifanywa na mtu mwenye akili timamu akiwa mezani pake. Hilo mtoto anapaswa kulijua mapema, kwa sababu akiamini kwamba waovu wa zamani walikuwa mazimwi, hatawatambua wa wakati wake watakapokuja wamevaa vizuri.

Uadilifu huo ukishaingia darasani, unafungua milango ambayo mashujaa wa picha waliifunga. Wahehe walipigana na Wajerumani tangu 1891, wakamwangusha kamanda wa Kijerumani Zelewski na jeshi lake huko Lugalo, na wakaendelea hadi Mkwawa alipojiua mwaka 1898. Majimaji ilipokuja hawakujiunga, na wako waliopigana upande wa Mjerumani. Mtoto wa Iringa afanye nini na habari hii? Katika historia ya mashujaa na wasaliti hana pa kukaa: babu zake ni mashujaa katika sura moja ya kitabu na katika sura inayofuata hawatajwi, kwa aibu. Katika historia ya watu wasiojua mwisho ana pa kukaa. Hawa walikuwa watu ambao miaka saba tu nyuma yao walikuwa wamezika, wamechomewa, wamenyang'anywa hata kichwa cha mtawala wao; fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 lilikuwa bado liko mbali. Waliokwisha kuonja mwisho mmoja waliupima mwanzo mwingine kwa macho tofauti. Tunaweza kusema walikosea. Tunaweza kusema walichoka. Vyovyote, tumewafanya watu tena.

Sasa niingie kwenye sehemu inayoniogopesha, na inayowaogopesha walimu wengi. Lugha yetu ina methali inayosema mwacha asili ni mtumwa, ikitusukuma kuyakumbuka ya nyuma. Lakini ina nyingine yenye nguvu zilezile: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ya pili si ya wavivu. Imetolewa na watu walioishi nyumba kwa nyumba na waliowakosea, waliojua kwamba kuna kovu likikwaruzwa damu hutoka upya. Je, mtoto wa miaka tisa akwaruziwe makovu ambayo hakuyapata yeye?

Mfikirie mwalimu wa Zanzibar au Bagamoyo au Tabora akifundisha utumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana, lakini utumwa wenyewe haukufungwa siku hiyo. Tanganyika sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922. Maana yake ni kwamba katika darasa lilelile, kwenye dawati lilelile, wanaweza kukaa mjukuu wa mjukuu wa mtu aliyeuzwa na mjukuu wa mjukuu wa mtu aliyeuza. Aliyeuza huyo hakuwa lazima mgeni. Huenda alikuwa Mwarabu, huenda alikuwa mtu wa pwani, huenda alikuwa mtemi wa bara aliyebadilisha mateka wa vita kwa baruti. Watoto hawa wawili wanagawana penseli. Mwalimu anaogopa kwamba akisema yote, wakati wa mapumziko mmoja atamwita mwenzake jina baya. Woga wake una msingi.

Rwanda woga huo ulifikia kipimo ambacho hatuna haki ya kukihukumu tukiwa mbali. Historia iliyokuwa ikifundishwa huko tangu ukoloni, iliyowagawa watu wa lugha moja kuwa wenyeji na wavamizi, ilikuwa miongoni mwa vilivyoandaa mauaji ya kimbari ya 1994. Baada yake ufundishaji wa historia ya nchi hiyo ulisitishwa mashuleni kwa miaka. Fikiria uzito wa uamuzi huo: taifa linasema kwamba kitu tunachokiona somo jepesi, la kujaza ratiba baada ya hisabati, linaweza kuua, na kwa hiyo ni afadhali kunyamaza kwanza. Lakini watoto hawakukaa bila historia katika miaka hiyo. Walikuwa nayo nyumbani, jikoni, kwenye minong'ono inayokatika wakubwa wanapowaona. Walikuwa na kumbukumbu bila mahali pa kuiuliza. Nadhani jibu la methali ile limo humu: yaliyopita huenda si ndwele, lakini yakikosa mahali pa kusemwa hayaishi, yanakaa palepale yakimsubiri mtu wa kuyatumia.

Ili mtoto aweze kuyasikia bila kuumia wala kuumiza, anahitaji tofauti moja ambayo watu wazima wenyewe huipoteza: tofauti kati ya hatia na wajibu. Hatia ni ya mtenda peke yake. Hairithiwi, na mtoto wa muuzaji wa watu amezaliwa bila doa. Wajibu ni kitu kingine. Ni kule kuitwa na jambo kwa sababu ya mahali uliposimama, hata kama hukupachagua. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, katika makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha mbele ya wazawa wa Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Steinmeier amezaliwa 1956. Hakumnyonga mtu, na waliomsikiliza hawakunyongwa. Mtu mwenye haraka atauliza: nani hapo alikuwa anamwomba nani? Lakini kama hatia ndiyo ingekuwa kiunganishi pekee kati yetu na yaliyopita, kila uovu ungejifuta wenyewe kwa kungoja tu wahusika wafe, na subira ingekuwa silaha bora kuliko zote za mdhalimu. Ukoo wa Mbano bado unataka kujua kichwa cha babu yao kilipelekwa wapi. Swali hilo lina mtu wa kuliitika, na mwenye kuliitika si mwenye hatia.

Mtoto anaielewa tofauti hii haraka kuliko tunavyodhani. Anajua kwamba si yeye aliyemwaga maji darasani, na anajua kwamba akiwa zamu yeye ndiye atakayeyapangusa.

Kuna jambo jingine ambalo historia humpa, nami ningelipitia kwa ufupi kama lisingekuwa zuri kiasi hiki. Laetoli, kusini mwa Olduvai, timu ya Mary Leakey mwaka 1978 ilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Tunajua walikuwa zaidi ya mmoja. Inaelekea mmoja alikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Tunajua mguu ulikuwa mdogo kiasi gani na uzito uliegemea wapi. Walikuwa wanakwenda wapi, hatujui. Kama waliogopa ule mlima uliokuwa ukitema majivu, hatujui. Mtoto akisimamishwa mbele ya picha ya nyayo zile, anajifunza kwa mara ya kwanza kwamba kujua kuna mpaka, kwamba mpaka huo unaweza kuonyeshwa kwa kidole, na kwamba mtu mzima anaweza kusema "hatujui" bila kupungukiwa chochote. Katika umri ambao anaamini mwalimu anajua kila kitu, hilo ni tukio.

Mpaka huo una uchungu wake pia. Wangapi walikufa katika Majimaji na njaa iliyoifuata? Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalisema 75,000. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, walikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kitabu cha kiada kitachagua namba moja, mtoto ataikariri, mtihani utaiuliza. Lakini ninachotaka akitazame ni nafasi iliyo kati ya namba hizo. Humo wamo watu karibu laki mbili, ambao hatuwezi kusema kwa hakika kama walikufa kwa vita vile. Walikuwa na majina, walikuwa wameoa na kuolewa, walikuwa wanadaiwa mbuzi. Mamlaka iliyowahesabu vichwa kwa ajili ya kodi walipokuwa hai haikuona haja ya kuwahesabu walipokufa. Mtoto akiuliza, "Sasa ni namba ipi iliyo sahihi?" ameuliza swali la hesabu. Akiuliza, "Kwa nini hawakuwahesabu?" ameuliza la historia, na pengine ndiyo mara ya kwanza anakutana na dhuluma ambayo haina damu.

Miaka ya 1960 Gwassa alizunguka Umatumbi na kwingineko akiwahoji wazee walioiona vita ile kwa macho yao. Hao sasa wamekwisha wote. Hata hivyo umbali si mkubwa kama ubao unavyoufanya uonekane. Bibi wa mtoto wa leo huenda alibebwa mgongoni na bibi yake mwenyewe, na huyo wa pili alikuwa msichana mwaka 1905. Kati ya mtoto na Majimaji kuna watu wawili tu waliogusana. Mtoto akiambiwa hivyo, mwaka ule unaacha kuwa tarakimu nne. Na lile swali lililochekwa linageuka kuwa na akili kuliko waliolicheka: bibi hakumwona Mjerumani, lakini mikono iliyomlea ilimwona.

Najua pingamizi linalosubiri. Mtoto wa miaka tisa ni mdogo mno kwa haya yote. Mwache akariri sasa, ataelewa akiwa sekondari. Sikubaliani. Tazama watoto wakigombana uwanjani juu ya nani aliyeanza. Wanaita mashahidi. Wanawakataa mashahidi waliokuwa mbali. Wanasema, "Yeye hakuona, aliambiwa." Wanapima nia: "Hakukusudia, aliteleza." Kila chombo cha mwanahistoria wanacho tayari mfukoni, na wanakitumia kwa ukali kuliko sisi. Kinachowapungukia ni muda, yaani kuamini kwamba watu walioishi kabla yao walikuwa na uwanja wao, na ugomvi wao, na asubuhi ambayo hawakujua jioni yake itakuwaje. Hicho mtoto hawezi kujipatia mwenyewe. Na sekondari atakuja amechelewa, kwa kuwa aliyekariri kwa miaka minne kwamba wafu walijua walichokuwa wakikielekea ameshazoea kuwaona hivyo, na mazoea hayo huyang'oi kwa muhtasari mpya wa somo.

Kwa hiyo kama kipindi ni kimoja tu, na darasa lina watoto sabini, na vitabu havitoshi, mimi ningeiacha orodha ya wapiganaji isubiri wiki ijayo. Ningelichukua swali ambalo watoto wenyewe hulitoa baada ya kusikia habari za njaa, kwamba wasingepigana si wangeishi, na ningelipa kipindi chote. Wako watakaosema ndiyo. Wako watakaosema waliokuwa wakilimishwa pamba kwa kiboko walikuwa hawaishi tayari. Atakuwapo mmoja atakayesema kwamba wao wenyewe mwezi ule wa Julai hawakujua kama kutakuwa na njaa. Huyo ningemwomba asimame awaeleze wenzake anamaanisha nini.